Chumba cha Bibi Tope
(Sehemu ya mwisho)

Pikapu ilikuwa imeshatoka getini, na vumbi lake limeshaanza kutua kwenye mizabibu ya pembeni, wakati Pua alipokumbuka kofia yake. Hakuomba warudi. Mtu aliyefukuzwa kazi mbele ya wageni harudi kufuata kofia.

Kama gazeti lako la Jumamosi iliyopita liliishia kufungia misumari, ulikosa haya. Asubuhi hiyo chumba kipya cha kuonjea mvinyo kilifunguliwa. Mnunuzi wa mahoteli, bwana mmoja wa tai ya kijani ambaye akiukubali mvinyo wako umepona na akiukataa unabaki kuuogea, aliinua glasi yake. Akanusa. Akaonja. Akatema kwenye ndoo. Akasema neno moja: siki.

Mama Zabibu, mjane mwenye shamba, akanusa glasi yake. Siki. Pua, mtengeneza mvinyo wake, akanusa yake. Siki tupu. Mavuno ya mwaka mzima yalikuwa ghalani, ndani ya mapipa, na kila mtu chumbani alikuwa anamtazama yeye.

Mama Zabibu si mtu wa kupandisha sauti. Alimwambia Pua akakusanye vitu vyake. Kisha akamgeukia msanifu majengo, aliyekuwa na gari linalowaka bila kusukumwa, akamwomba ampeleke stendi.

Ndivyo Bibi Tope alivyojikuta anamwendesha mtu ambaye hawakuwa wakisemeshana tangu msingi uchimbwe.

Jina la Bibi Tope lilitoka kwa Shemeji, mdogo wa marehemu mume wa Mama Zabibu. Alimpachika siku alipokataa matofali ya kiwandani na kusema kuta zitatoka kwenye shimo lilelile la msingi, udongo ushindiliwe tabaka juu ya tabaka mpaka uwe mgumu kama jiwe. Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta, ukuta wa zamani, wa saruji. Jina likabaki. Msichana mwenyewe akalipenda, akaliandika ubavuni mwa pikapu.

Na ugomvi wake na Pua ulikuwa wa madirisha. Pua alitaka madirisha makubwa ili mtu aone rangi ya mvinyo kwenye glasi. Bibi Tope alitaka madogo, upande wa kivuli, ili chumba kipoe bila kiyoyozi. Walianza kwa hoja, wakaendelea kwa kejeli, wakamalizia kwa kununa. Pua, ambaye cheti chake cha chuo amekitia fremu na kukitundika ghalani kama picha ya harusi, alikula kiapo kwamba hatatia mguu kwenye pango la yule dada mpaka siku ya kufunguliwa. Na kweli hakutia.

Sasa walikuwa bega kwa bega, sanduku lake likigonga gonga nyuma, na hakuna aliyejua pa kuanzia.

Alianza Bibi Tope. Alisema pole. Pua akasema ahsante. Bibi Tope akasema mambo kama haya hutokea. Pua akamjibu kwamba kwake hayatokei. Kwamba wiki iliyopita alionja pipa moja moja, na mvinyo ulikuwa mzuri kuliko wowote aliowahi kutengeneza maishani mwake. Kisha akageukia dirishani.

Wakafika kwenye reli. Stendi ilikuwa ng'ambo, mabasi yanaonekana kabisa, makondakta wanaita abiria. Lakini mlinzi alikuwa ameshashusha geti. Treni ya mizigo ilikuwa inapita, ndefu, haina haraka, behewa baada ya behewa la saruji.

Bibi Tope akaitazama saruji yote ile ikipita mbele ya macho yake, akahisi anatukanwa.

Pua naye akafungua begi, akatoa chupa. Aliijaza mwenyewe kutoka pipa lilelile lililomwaga unga wake. Alisema anataka kuusoma msiba wake vizuri kabla hajapanda basi. Akamimina kidogo kwenye kifuniko cha chupa ya chai, akapeleka puani.

Akatulia. Akanusa tena. Akanywa tama moja, akalizungusha mdomoni, akameza. Uso wake ulifanya kitu ambacho Bibi Tope hakukitegemea. Uliogopa.

"Sinusi kitu," alisema.

Bibi Tope akamuuliza kwa vipi.

"Siki. Asubuhi niliinusa, sote tuliinusa. Sasa nanusa zabibu tu, na moshi kidogo wa mbao, kama wiki iliyopita. Mvinyo ukishageuka haurudi, dada yangu. Haujawahi kurudi hata siku moja. Basi kilichogeuka ni mimi." Akajishika pua kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayeshika kitu cha kuazima. "Pua yangu imekufa. Mjomba wangu ilimfika hivihivi baada ya homa. Alikuwa muonjaji, akamaliza maisha yake akilinda lango la watu."

Akamsogezea kifuniko. Akamwomba, yeye mwenye pua nzima, anuse amwambie.

Bibi Tope akanusa. Hakuwa mtaalamu, lakini asubuhi na yeye alikuwa na glasi, na ile harufu kali ilimpanda mpaka kwenye macho. Hapa haikuwepo. Palikuwa na zabibu zilizoiva, tamu, na ule moshi kidogo.

Mvinyo ni uleule. Pua ni mbili, na zote zimesema neno moja. Kilichobadilika ni mahali.

Kilichonuka siki si mvinyo. Kilichonuka siki ni chumba chake.

Hapa lazima ukumbuke makubaliano. Shemeji tangu mwanzo alitaka jumba la vioo lenye kiyoyozi, ili wageni waone mizabibu wakiwa wamekaa. Walipobishana sana Mama Zabibu aliamua mbele ya mafundi wote: Bibi Tope ajenge, lakini jengo likiharibu siku ya kufunguliwa, litavunjwa na Shemeji ajenge la kwake. Na neno la Mama Zabibu halina mlango wa nyuma. Pua alikuwa ushahidi, na sanduku lake.

Kile kilikuwa chumba cha kwanza cha Bibi Tope. Miaka yote alikuwa akichora vyoo na ngazi kwenye ofisi za watu wengine. Hiki alikifikiria mwenyewe kuanzia shimo: kuta zenye unene wa mkono mzima, bomba refu lililozikwa chini ya mizabibu linaloleta hewa baridi, kokoto zenye maji chini ya sakafu zinazoipoza tena, udongo na majani juu ya paa. Alikuwa na maombi ya kazi nyingine mkobani, na picha pekee aliyokuwa nayo ya kumwonyesha mtu ilikuwa ya kile chumba.

Akikaa kimya, geti linapanda, Pua anavuka, anapanda basi. Yeye anarudi, anatafuta taratibu kinachonuka, anakitengeneza, hakuna anayejua. Chumba kinasimama.

Pua alikuwa bado anamtazama, anangoja jibu.

Behewa la mwisho likapita. Geti likapanda. Nyuma yao magari yakaanza kupiga honi.

"Pua yako haijafa," alisema Bibi Tope. "Chumba changu ndicho kinachonuka."

Akakata usukani wote, akageuza pikapu katikati ya barabara. Dereva mmoja wa lori alitoa kichwa dirishani kumuuliza kama barabara amerithi kwa babu yake. Bibi Tope akampungia mkono kama ameamkiwa.

Pua ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa alicheka, peke yake, kicheko cha mtu aliyerudishiwa mguu. Kisha kicheko kikamkatikia.

"Unajua Shemeji atafanya nini ukilisema hili."

"Najua."

"Na bado unakanyaga mafuta."

"Kaa vizuri," alisema Bibi Tope. "Kuna shimo mbele."

Barazani kwa Mama Zabibu chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha. Mnunuzi wa tai ya kijani alikuwa anajifuta mdomo, na dereva wake ameshawasha gari. Alikula kwa heshima tu, biashara ilishakufa. Katikati ya sahani Shemeji alikuwa ametandaza mchoro wa jumba la vioo, ameukandamiza kwa chupa ya maji, anamweleza mgeni kwamba mwakani akija atakaa mahali pa kueleweka.

Pikapu ikafunga breki mpaka mkiani mwa gari la mgeni. Halitoki hapo.

Mama Zabibu alipoona nani ameshuka, alisimama. Alimuuliza Bibi Tope kama stendi imehamia shambani.

Bibi Tope hakupanda ngazi za baraza. Alisimama palepale chini, mikono imeshikana nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

"Mama, mvinyo ni mzima," alisema. "Chumba ndicho kibovu. Chumba changu. Harufu iko mle ndani."

Barazani wote wakamgeukia. Wa kwanza kurudisha fahamu alikuwa Shemeji, na aliirudisha na tabasamu.

Mnunuzi hakuamini. Alikuwa ameona wafanyakazi wengi wakitetewa na wenzao, na wengine kwa sababu za moyoni, akasema hivyo bila kuficha. Pua akasikia masikio yakimchoma. Mgeni akataka ajaribu mwenyewe, na Pua asishike chupa. Mama Zabibu ndiye aliyekwenda ghalani, ndiye aliyechota, ndiye aliyemimina.

Mnunuzi akaonja uani, amesimama juani. Akaonja tena. Akachukua glasi yake, akavuka ua, akaingia chumbani, akanusa. Akatoka nje, akanusa. Akaingia. Akatoka. Alikwenda na kurudi mlangoni mara kadhaa, kama mtu anayetafuta funguo ambazo anazo mkononi, na kila akiingia uso ulikunjamana na kila akitoka ulifunguka.

Mwisho alikaa kwenye ngazi ya nje ya chumba na kuumaliza. Hakutema.

Akasema anauchukua wote.

Mama Zabibu alimwendea Pua. Yeye si mtu wa kukumbatia. Alimkung'uta vumbi begani, akamwambia kofia yake iko palepale kwenye msumari. Kwa Mama Zabibu hiyo ni hotuba.

Ningeweza kuishia hapo na wote tukaenda kunywa chai. Lakini Shemeji alikuwa ameshakunja mchoro wake, na alikuwa na haki ya kusema, kwa hiyo akasema. Aliwakumbusha makubaliano, taratibu, bila matusi. Jengo limeharibu siku. Mwenye jengo amekiri kwa mdomo wake. Akaongeza kwamba yeye hana kinyongo na msichana. Ni kwamba watu wanakuja kutazama mizabibu na yeye amewafungia kwenye chungu.

Mama Zabibu akamtazama Bibi Tope kwa muda. Alitaka aseme kitu, chochote.

"Sawa," alisema Bibi Tope.

Shemeji akampigia dereva wa trekta. Trekta lilikuwa upande wa pili wa shamba, likanguruma, likaanza kuja kati ya mistari ya mizabibu, koleo lake kubwa limenyanyuliwa mbele. Wachumaji wakaacha vikapu wakaja kuona. Bibi Tope akaenda kukaa kwenye bampa la pikapu yake, akawapa mgongo wote.

Pua alikuwa ameshapata kazi yake, jina lake, na kofia imeshafika kichwani. Hakuna aliyemtegemea aongeze neno. Na chumba kile, kumbuka, alikuwa akikiita pango.

Akaivua kofia, akampa Mama Zabibu amshikie, akaingia.

Waliobaki nje walimwona kupitia mlangoni. Alianza na ukuta. Aliunusa kwa karibu, kama mtu anayemnusa mtoto mchanga. Kisha akaulamba. Wachumaji wakaangua kicheko, na mmoja akasema kwa sauti kwamba mapenzi ya Pua na Bibi Tope yamepitia ukutani. Pua hakugeuka. Akalala kifudifudi, akanusa tundu la sakafuni lililokuwa linaingiza hewa. Akanyanyuka, akajipangusa magoti. Akakaa katikati ya chumba, akafumba macho.

Trekta likafika uani.

Pua akafumbua macho, akatazama juu.

Dari ile ndiyo iliyokuwa fahari ya chumba. Wote waliokuja asubuhi walianza kwa kuisifu. Ilikuwa ya mbao za mapipa ya zamani, zimepinda kidogo kila moja, zimepangwa kama magamba ya samaki, rangi yake kama asali iliyokaa. Bibi Tope ana imani yake kwamba hakuna kitu cha kutupwa. Aliyakuta yale mapipa nyuma ya banda la kukamulia zabibu, yanaliwa na jua, akayabomoa moja moja kwa mkono.

Pua akasogeza meza, akapanda juu yake, akanyoosha shingo mpaka pua ikagusa mbao. Mkono akaupeleka puani.

Alitoka mbio, akasimama mbele ya koleo la trekta, akamwinulia dereva kiganja. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye pikapu.

"Mbao za dari ulizitoa wapi?"

Bibi Tope, bila kugeuka, akamwambia ni mapipa ya nyuma ya banda.

"Yaliyokuwa yamelala mdomo chini?"

"Yalikuwa yamelala. Sikuangalia mdomo."

Pua akakaa kwenye bampa pembeni yake, mzigo wote ukamtoka kwa pumzi moja. Akamweleza, na wengine wakasogea kusikia. Pipa likiingia siki limekufa. Ukilirudisha ghalani litaambukiza mengine, kwa hiyo mashambani watu hulitoa nje na kuligeuza mdomo chini, na yeyote anayefanya kazi ya mvinyo akiliona hivyo hulipita mbali. Hakuna anayeandika mahali popote. Hata mchumaji wa msimu mmoja anajua. Mbao zikikauka, siki inalala humo hata miaka. Ndiyo maana wakati wote wa ujenzi hakuna aliyenusa. Asubuhi ya leo ndipo maji yalipofunguliwa kwenye kokoto kwa mara ya kwanza. Hewa yenye unyevu ikapanda mpaka darini, na siki ikaamka. Halafu wageni wanaingia wamekwishajua ni chumba cha mvinyo, harufu ya ukali kidogo haiwashtui, mpaka wanapoingiza pua kwenye glasi.

Wachumaji wakaanza kutikisa vichwa. Mdomo chini, walikuwa wanaambiana. Kila mtu anajua.

"Mimi sikujua," alisema Bibi Tope. "Na mtu wa kumuuliza nilikuwa nimemnunia."

"Na mtu huyo alikuwa ameapa asitie mguu," alisema Pua. "Ningeingia hata mara moja wakati unapigilia, ningeliona."

Shemeji akakohoa. Alisema masomo ni mazuri, ila dari ni sehemu ya jengo, na jengo limeharibu siku. Akamwashiria dereva wa trekta.

"Ngoja, shemeji," alisema Mama Zabibu.

Bado alikuwa ameshika kofia ya Pua. Aliigeuza mikononi, akaigeuza tena.

"Huyu binti aliniomba yale mapipa. Hakuyaiba. Alikuja jikoni akaniuliza kama yana kazi, nikamwambia chukua, mwanangu, yanatuzibia njia. Mimi nilijua yamekufa. Marehemu kaka yako ndiye aliyeyageuza, nilikuwepo. Nikafikiri yakishapigiliwa juu huko, hayatii mvinyo, yatadhuru nini? Tulikubaliana jengo likiharibu siku livunjwe. Jengo halikuharibu. Niliharibu mimi."

"Kwa hiyo utavunja neno lako?" aliuliza Shemeji.

"Neno langu lilikuwa juu ya jengo. Unataka kuvunja mwenye kosa, hilo hapo trekta, na mimi hapa nimesimama."

Dereva wa trekta akazima injini bila kuambiwa.

Mnunuzi, ambaye gari lake bado lilikuwa limezibwa na pikapu, alisema hajawahi kufaidi hivi safari ya kikazi.

Dari waliishusha mchana uleule. Mama Zabibu alikuwa wa kwanza kung'oa ubao. Pua na Bibi Tope walikuwa juu ya ngazi moja kwa sababu ya pili ilikuwa na mguu mbovu, na walianza kugombana palepale, Pua akidai mwenzake anaishika nyundo kama kijiko, Bibi Tope akimjibu kwamba afadhali kijiko kuliko mtu anayelamba kuta za watu. Wachumaji walibeba mbao nje, na trekta lililokuja kuvunja chumba likaburuta mzigo wote mpaka ng'ambo ya shamba, mbali na ghala.

Juu yakabaki matete yaliyobeba udongo wa paa. Yalikuwa yanapendeza vya kutosha.

Asubuhi iliyofuata Bibi Tope alimkuta Pua ameshaingia kabla yake, amekaa sakafuni na glasi. Alimuuliza kwa macho. Pua akatikisa kichwa. Udongo hunywa kila kitu, ndiyo sifa yake, na kuta zilikuwa zimekunywa siki siku nzima. Si nyingi. Mtu wa kawaida asingejua. Lakini glasi ilijua.

"Itaondoka lini?"

"Itaondoka," alisema Pua. "Lini, sijui. Msimu, labda zaidi. Mpaka hapo hakuna wa kuonja mvinyo humu."

Bibi Tope alikaa chini karibu naye. Nje jua lilikuwa limeshaanza kuwaka, na humo ndani ukuta ulikuwa baridi mgongoni. Walikaa hivyo muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuna aliyekuwa amenuna.

Na haya ndiyo yaliyowapata.

Mnunuzi wa tai ya kijani alichukua mavuno yote, na ya mwaka uliofuata. Akija anaonjea bandani, kati ya makreti, amesimama. Hajawahi kuulizia chumba.

Shemeji alijenga jumba lake la vioo kwenye kipande chake mwenyewe. Kiyoyozi kilishindwa na jua. Sasa analima nyanya humo, na nyanya zake ni nzuri.

Mama Zabibu alichoma mbao zote za dari. Hakumwambia mtu tena mapipa yanatuzibia njia. Afya yake ni nzuri, ila magoti.

Pua bado yuko shambani. Alikitoa cheti chake ghalani kwa sababu fremu ilishika ukungu.

Kwa wale mlioniandikia kuuliza harusi: haijakuwepo. Bibi Tope alipata kazi ya kujenga zahanati ya udongo mbali na pale, akiwa na picha ya chumba mkobani na maelezo kamili ya kilichotokea. Baada yake alipata shule. Pua humtembelea msimu wa mavuno ukiisha na hukaa siku nyingi kuliko alizoaga. Wanagombana kwa simu.

Chumba kilipewa wachumaji wawe wanakula humo chakula cha mchana, kwa muda tu, mpaka harufu iishe. Harufu iliisha. Mama Zabibu alipotaka chumba chake, wachumaji walimwambia ndipo mahali pekee penye baridi shamba zima na wao ndio wanaoshinda juani. Alikwenda akakaa humo saa za mchana, akatoka, hakulitaja tena.

Bibi Tope alipita mwaka jana, akaingia kula nao. Wachumaji wa sasa ni wapya, hawamjui. Walimwambia asogee, amekaa mahali pa mtu. Akasogea.